Mshale Hautafutwi

Kati ya nyumba yangu na nyumba ya Mwalimu palikuwa na ukuta wa mbao, na mbao za mtaa wetu wa Mapendo, hapa Goma, zikishakauka huachana, ukasikia mambo ya jirani hata usipotaka. Ndiyo maana nilimjua kwanza kwa masikio. Kabla sijaona sura yake nilijua sauti ya kipande cha chupa kikikwangua mti asubuhi nzima, kisha kimya, kisha neno moja la kujiamuru aanze upya: "Rudilia." Nilikuwa nimetoka Bukavu na cherehani na mtoto mgongoni, na nilidhani nimepangiwa jirani kichaa.

Hakuwa kichaa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na lile neno ndilo lililomfanya ajulikane mtaani. Mtoto akikosea imla, rudilia. Mke wake akileta chai yenye sukari kidogo, rudilia. Siku moja padri mgeni alichanganya majina ya mitume wakati wa mahubiri, na sauti ikatoka benchi la nyuma, ya chini lakini ya kusikika: "Rudilia." Watu wazima wenye vitambi, waliowahi kupita darasani kwake, waliinamisha vichwa kama wao ndio waliokosea.

Kazi aliyoifanya nyuma ya ukuta ule ilikuwa kutengeneza mishale. Hakuna aliyemtuma, wala hakuwa na duka. Alitengeneza kwa ajili yake na wenzake wachache, wazee wa milima ya Lubero, huko kaskazini, waliokuwa wakienda Munigi, nje ya mji, baada ya misa kulenga shina la mgomba. Wenzake nao walijitengenezea, lakini ya kwao ilikuwa ya kuvumilia tu. Ya Mwalimu ilikuwa kitu cha kushika mkononi na kukaa kimya.

Na kulikuwa na jambo moja alilolitaka kwa moyo wote, na nalisema mapema ili asiyemjua asimwone kuwa mzee mwenye mchezo wa kitoto. Alitaka siku atakapozikwa mtu amrushie mshale wake kuelekea kwao. Hilo tu. Nimewajua watu waliotaka makubwa wakayapata.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wazee wale walikuja Goma kwa kazi, wakidhani watarudi kuzeekea nyumbani. Kisha barabara ya kaskazini ikawa leo wazi, kesho imefungwa, keshokutwa kuna watu wametolewa kwenye gari na hawakuonekana tena. Mzee wa kwanza kati yao alipofariki, ndugu walishindwa kumpeleka. Akazikwa hapa, kwenye mawe haya meusi ambayo hata koleo linayakataa. Wenzake waliona haya. Siku hiyo mmoja alichukua upinde wa marehemu na mshale aliouchonga marehemu mwenyewe, wakaenda Munigi, akaurusha kaskazini juu sana, na wakakubaliana kwamba hakuna atakayeufuata. Tangu hapo kila mmoja aliweka mshale wake mmoja darini, alioutengeneza kwa mkono wake, na wengine wakajua kazi yao siku ikifika.

Niliwahi kumuuliza kama hiyo ni desturi ya kwao ya zamani. Alinicheka.

"Mama Furaha, kwetu mutu anazikwa nyuma ya nyumba yake, mu ndizi zake. Anahitaji mushale ya nini? Hii tulivumbua hapa, juu ya kukosa barabara."

"Sasa mukivumbua, si munaweza kubadilisha? Mwenye atabakia wa mwisho atarushiwa na nani?"

Aliniangalia kama mtoto aliyeuliza swali la darasa la mbele. "Kutakuwa mutoto wangu," alisema.

Niseme jinsi alivyofanya kazi, maana ndiko tabia yake yote ilikoonekana. Hakukata mti kwa msumeno. Aliupasua kwa panga, kwa sababu msumeno, alisema, unakata mishipa ya mti bila kuuliza, na mshale uliokatwa mishipa utavunjika siku unapouhitaji. Alizunguka kwa mafundi wanaotengeneza masanduku ya maiti akachagua vipande vya mkaratusi vilivyonyooka, na kwa jinsi alivyovigeuzageuza na kuvipigia jicho mafundi walimchoka wakamfukuza. Aliporudi alivilaza juu ya moto wa mkewe, kwenye dari la jiko, vikae huko vikinywa moshi. Mwaka ukipita hakujali. Kisha kisu, kisha kipande cha chupa, na mwisho jiwe la lava lenye matundu, ambalo kila mtu hapa Goma analilaani kwa kumharibia viatu na yeye alilitumia kulainisha mti hadi uwe kama kidole cha mtoto. Mshale uliopinda aliupitisha juu ya mbabula, jiko la makaa, akaunyoosha taratibu ukiwa moto. Uzi wa kufungia nilimpa mimi, wa nailoni, ule ninaoshonea mifuko.

Manyoya ndiyo yaliyoleta ugomvi. Krismasi na Mwaka Mpya, mtaa mzima ulijua kwamba kuku akichinjwa mabawa ni ya Mwalimu. Mwaka wa kwanza nilimpelekea manyoya ya mabawa ya kuku wangu kwenye mfuko mmoja, nimeyanyonyoa vizuri, najiona mtu mwema. Alifungua, akatazama, akanirudishia.

"Rudilia."

"Papa Mwalimu, kuku amekwisha kulikwa. Nirudilie namna gani?"

Ndipo akanikalisha chini kunifundisha. Unyoya wa bawa la kulia unapinda upande wake, wa kushoto upande wake. Mshale mmoja lazima uvae manyoya ya bawa moja. "Ukichanganya," alisema, "itaenda sawa na mulevi mwenye anatafuta mulango." Nyumbani kwake alikuwa na makopo mawili ya maziwa, moja la kulia na moja la kushoto. Mke wake, Mama Mwalimu, aliwahi kuyapindua akifagia, akayarudisha ovyo, na Mwalimu akakaa wiki bila kumsemesha. Mama Mwalimu aliniambia kupitia ukutani, kwa sauti ya kutosha mumewe asikie, kwamba ilikuwa wiki nzuri kuliko zote za ndoa yake.

Na mshale uliochanganya manyoya aliuvunja kwenye goti hata kama ni wa mtu mwingine. Alivunja wa rafiki yake katekista mbele ya wenzake wote, Munigi. Katekista, mtu mpole mwenye kikohozi, alikusanya vipande akasema, "Asante, Mwalimu," kwa namna ambayo mtu hawezi kujua kama ameshukuru au ametukana.

Munigi kulenga ni adhabu. Kwao, alinieleza, mshale ukikosa unaingia kwenye nyasi, unautoa, unaendelea. Hapa ukikosa unapiga lava, na mti wa mwaka mzima unapasuka mara moja. Ukikosa, umerudi kuanza. Nilimwambia ni ujinga kuchezea mchezo wa namna hiyo mahali pa namna hii. Hakukasirika. Alisema ndiyo maana wao walilenga vizuri kuliko waliobaki nyumbani.

Sasa, usidhani alipenda silaha. Mtoto akimwelekezea mwenzake kijiti na kusema pa, pa, Mwalimu alitoka nje akamnyang'anya. Hakuwahi kumpiga mnyama hata mmoja kwa mshale, na kuku wa sikukuu alichinjwa na mkewe, yeye akiwa amejificha chooni. Lakini darasani alichapa viboko watu wakakumbuka hadi uzeeni. Aliwahi kumkataa jirani aliyekuja kuomba chumvi, akisema jirani huyo hatamki vizuri. Ile chumvi Mama Mwalimu alinipitishia kwenye ufa wa mbao nimpe. Nilimpenda na kumchukia mara nyingi katika siku moja.

Mtoto wake mkubwa, aliyekuwa akifanya biashara ya maharagi katika mji wa Kiwanja, alikuja kwa pikipiki mara kwa mara akiwa na mfuko wa viazi kwa ajili ya mama. Mwalimu alimpeleka Munigi kumfundisha. Nilikuwepo siku waliporudi. Kamba ya upinde ilikuwa imemchapa kijana mkono hadi umevimba, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa tena darasani akiwa na watoto wake mwenyewe.

"Rudilia kesho," Mwalimu alimwambia.

"Papa, kesho niko narudia Kiwanja. Niko na biashara."

"Basi mwezi yenye inakuja."

"Tutaona."

Mwezi uliofuata alileta viazi, akavitua mlangoni bila kuzima pikipiki.

Wazee wakaanza kuisha. Sukari, presha, mmoja kwa ajali ya lori. Kila mara nilimwona Mwalimu akitoka na koti lake la kahawia, upinde begani, akifuatana na katekista. Akirudi alikuwa na hamu ya chai. Baadaye uwanja wao wa Munigi ulijaa wakimbizi, mahema hadi kwenye shina la mgomba, na haikuwezekana kurusha kitu angani pale bila kumwangukia mtu. Wakaacha kulenga. Lakini Mwalimu hakuacha kukwangua. Nilimsikia kila asubuhi upande wa pili wa mbao, akitengeneza mishale ambayo haikuwa na pa kwenda. Walikuwa wamebaki wawili, yeye na katekista, na waliahidiana: atakayetangulia atarushiwa na mwingine. Kuhusu wa mwisho hawakuzungumza, au kama walizungumza sikusikia, na mimi nilisikia karibu yote.

Kisha vita vikaingia mjini. Siwezi kueleza siku zile na sitaki. Tulilala chini, sote tuliobaki, na mbao zetu zikawa na matundu mapya. Bomu liliangukia nyumba ya katekista. Alizikwa haraka, pamoja na watu wasiojulikana, na mshale wake aliouweka darini uliungua na dari.

Mwalimu alipopata habari hiyo alikaa kwenye kigoda chake mlangoni. Nilimletea chai yenye sukari nyingi. Aliirudisha ikiwa imejaa.

Mambo yalipotulia, kwa namna yanavyotulia kwetu, likatoka tangazo kwamba kila mwenye silaha aitoe. Maneno ya mtaani yakaongeza kwamba hata upinde ni silaha, kwa sababu vijana wa milimani wanapigana kwa chochote. Sijui kama ilikuwa kweli. Wakati ule haikuwa na maana kujua. Nyumba zilipekuliwa, na mtu akikutwa na kitu cha kueleza hakupewa nafasi ya kueleza. Mama Mwalimu hakumuuliza mumewe. Alipanda darini akashusha mishale yote, akaketi mbele ya mbabula, na akaichoma, akiivunja katikati kwa goti kama mumewe alivyokuwa akifanya. Mwalimu alimtazama. Mti uliokunywa moshi miaka yote hiyo uliwaka bila kutoa moshi. Maharagi yaliiva upesi, Mama Mwalimu akapakua, na wote wawili wakala.

Mmoja tu hakuuona, ule wake Mwalimu wa kurushiwa, alioutengeneza enzi zake nzuri. Ulikuwa umelala juu ya boriti. Na upinde, Mwalimu aliuvua kamba, ukanyooka, akaanza kuutembelea kama fimbo.

Miezi ikapita. Mtoto wao alikuwa amekimbilia Uganda, na akamwita mama yake aende akatibiwe macho. Mama Mwalimu akaenda, Mwalimu akakataa.

"Nikivuka mupaka," aliniambia, "mushale itarushwa kutoka wapi?"

Nilimsikia akizungumza na mtoto kwa simu, sauti ikiwa imefunguliwa. "Papa," kijana alisema, na hakusema kwa ubaya, "siku Mungu atakuita tutakuzika muzuri, na fanfari ya tarumbeta. Hiyo mambo ya mushale, achia." Mwalimu alisubiri hadi simu ikatike yenyewe.

Asubuhi moja alinigongea ukutani. Alinitaka nimsindikize Munigi. Mahema yalikuwa yameondolewa, watu wamefukuzwa kurudi kusikokuwa na nyumba, na uwanja ulikuwa wazi tena.

"Niko na deni ya katekista," alisema.

"Mushale yake si iliungua?"

"Nitamupa yangu."

Nilimkumbusha sheria yao wenyewe, kwamba lazima uwe umetengenezwa kwa mkono wa marehemu. Nilitegemea aniambie rudilia. Alisema tu, "Najua vile tulisema."

Nilikasirika, kisha niliogopa, kisha nikachukua kitenge kirefu nikauviringisha mshale ndani yake kama mzigo wa mshonaji anayepelekea mteja nguo. Tulipanda pikipiki moja. Kwenye kizuizi kijana mwenye bunduki alimwangalia mzee, akaiangalia fimbo yake. "Muzee, unaenda wapi?" Nilijibu mimi: "Tunaenda kupimisha nguo ya matanga." Hakutugusa.

Uwanja ulikuwa umebaki na vipande vya shiti za mahema vilivyochanika, mashimo ya vyoo, sufuria moja iliyotoboka. Mwalimu alihangaika kuufunga upinde kamba, nikamsaidia kuukandamiza kwa goti. Akaweka mshale. Akageuka kaskazini, na pale nilimwona akiwa mrefu tena. Lakini mkono haukufika sikioni alikozoea kuuvutia. Ulifika kifuani ukaanza kutikisika, na akaachia.

Mshale haukwenda popote. Ulipita kama upana wa barabara, ukashuka, ukapiga lava, na ukapasuka.

"Imeenda?" aliuliza. Macho yake nayo yalikuwa yameshaharibika.

"Imeenda, Papa."

"Usinidanganye. Nimesikia jiwe."

Nilitaka kwenda kuokota vipande. Alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. "Hapana. Mushale haitafutwe." Tukasimama pale, vipande vikiwa mbele yetu, manyoya yake yakitikiswa na upepo, hadi aliposema tuondoke.

Baada ya siku ile nilisikia tena kipande cha chupa upande wa pili. Nikafurahi, sitakataa. Nilijiambia ameanza mwingine wa kwake, na nikampelekea uzi bila kuombwa. Alikwangua kwa wiki nyingi, polepole sana, akipumzika. Neno lake sikulisikia hata mara moja.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa mchana wa mvua. Aliniita nije nione. Mshale ulikuwa magotini pake, na kwa mbali ulikuwa mzuri, mti umenyooka, uzi umefungwa sawasawa. Nilipoushika niliona. Manyoya mawili yalipinda upande huu, wa tatu upande ule. Nilitazama makopo yake. Yote mawili yalikuwa yamewekwa mahali pake, kulia na kushoto.

Nilifikiri kunyamaza. Kisha nikafikiri kwamba mtu huyu hajawahi kumnyamazia mtu maishani mwake, na kwamba kumnyamazia kungekuwa kumwambia amekwisha.

"Papa Mwalimu, umechanganya manyoya."

Alinyoosha mkono, akapapasa unyoya mmoja baada ya mwingine kwa kidole gumba. Alipofika kwenye wa tatu akakaa nao.

"Ni kweli," alisema.

"Nitafungua uzi. Tutarudilia."

Mvua ilipiga bati. Alitikisa kichwa.

"Acha. Tutarudilia juu ya nani? Weye unajua kuvuta?"

"Sijui, Papa."

"Mutoto wangu anajua?"

Alijaribu kuuvunja kwenye goti kama zamani. Mti ulipinda, haukuvunjika, kwa sababu aliupasua vizuri na mishipa yake yote ilikuwa mizima. Akanipa.

"Weka ku mbabula. Utupikie chai."

Nilitaka kumkatalia. Lakini alikuwa ameshageukia mlango, uso kwenye mvua, akisubiri chai kama mtu mwingine yeyote, na nilimtii kama watoto wake wote wa darasani walivyomtii. Niliukata kwa panga, nikauwasha, nikaweka sufuria juu. Manyoya yalinuka, kisha mti ukashika moto safi usio na moshi, na tukaota moto huo wote wawili.

Mti ukaisha. Niligusa maji, yalikuwa vuguvugu tu. Nikaongeza makaa.